Maswali ya Wasomaji: Hesabu Iliyojificha Nyuma ya Bonasi za Gemu za Zamani

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona kile kimchezo cha bonasi kinatokea leo na kesho hakionekani? Wengi wameshajijibu kwamba ni bahati. Sisi tunasema hapana. Kwenye gemu za kuruka na kukimbia za enzi ya Nintendo na Sega bahati ipo, lakini ni chembe tu. Mashine inahesabu kitu kimyakimya, iwe alama, sarafu, pete au muda, na hesabu ikitimia mlango unafunguka. Tumejitahidi kuzitaja hesabu hizo moja moja, pamoja na mahali wachezaji wanapokosea.

Nacheza Super Mario Bros. 3 ya NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo. Kuna bonasi ya kadi 18 zilizolala kifudifudi, unafunua mbilimbili kutafuta zinazofanana. Siku moja ilinitokea mara mbili kabla ya dunia ya tatu, halafu wiki nzima haikuonekana. Inategemea nini? Na je, kadi hupangwa upya kila mara? Msomaji, Dodoma.

Inategemea alama zako. Kila unapovuka alama 80,000, yaani 80,000, kisha 160,000, kisha 240,000 na kuendelea, kwenye ramani hutokea kadi ya shupaza yenye herufi N. Hiyo ndiyo bonasi yenyewe. Wiki ile ambayo haikuonekana, tunakisia ulitumia filimbi. Dunia ya kwanza ina filimbi mbili, na ukizipuliza unarukia mbele hadi dunia ya nane. Safari inakuwa fupi, lakini unakuwa umeruka hatua zote ambazo zingekupa alama. Anayetaka kadi za N atembee kwa miguu: akanyage maadui mfululizo bila kugusa ardhi ili alama zipande kutoka 100 hadi maelfu, na amalize hatua mapema, kwa kuwa muda uliobaki nao hugeuzwa alama.

Sasa mpangilio. Kadi zimewekwa safu tatu zenye kadi sita kila moja. Unaruhusiwa kukosea mara moja tu. Kosa la pili linakutoa. Watu wengi hawajui kwamba mipangilio iliyomo ndani ya kaseti ni minane tu. Haichanganywi upya kila mara kama mtu anavyochanganya karata mezani. Inachaguliwa mmojawapo kati ya ile minane.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora visanduku vinane, kila kimoja na vyumba 18. Kila ukiingia, andika ulichokiona na mahali ulipokiona. Hata kosa lina faida, maana linakuonyesha kadi mbili ambazo hukuzijua. Ukitolewa na kadi zimebaki, usihuzunike: safari ijayo utakuta zile ulizozifungua bado ziko wazi, na unaendelea palepale. Mpangilio mpya haujitokezi mpaka kadi zote 18 ziishe. Baada ya raundi kadhaa karatasi yako itaanza kuzungumza. Utafunua kadi ya kwanza na ya pili, utalinganisha na visanduku vyako, na visivyofanana unavifuta kwa macho. Kikibaki kimoja, unafungua meza nzima bila kosa hata moja.

Uyoga, ua na nyota vinaingia kwenye hazina yako ya ramani, utavitumia utakapopenda. Kuna jozi za sarafu 10 na sarafu 20, na kuna jozi ya kukuongezea maisha. Tahadhari moja: Super Mario Bros. 3 ya NES haihifadhi chochote. Ukizima mashine, meza uliyoiacha nusu imekwenda. Karatasi haizimiki, basi itunze.

Rafiki yangu anasema Mario huyohuyo wa tatu ana nyumba nyeupe ya uyoga kwenye dunia ya kwanza. Mimi nimemaliza gemu zaidi ya mara kumi na nimeona zile za kawaida tu. Ananidanganya? Msomaji, Nakuru.

Hakudanganyi hata kidogo. Nyumba nyeupe ipo kwenye dunia saba za kwanza, na kila moja inafunguliwa na hatua moja maalumu ukikusanya sarafu za kutosha ndani yake. Hesabu ni hizi: hatua ya 1-4 sarafu 44, ya 2-2 sarafu 30, ya 3-8 sarafu 44, ya 4-2 sarafu 22, ya 5-5 sarafu 28, ya 6-7 sarafu 78, na ya 7-2 sarafu 46. Dunia ya nane haina. Katika dunia ya 1, 3, 5 na 7 utapewa bawa lenye herufi P, linalokuwezesha kuruka hatua nzima bila kukimbia kwanza kupata kasi. Katika ya 2, 4 na 6 utapewa nanga, ambayo huizuia meli ya angani isihame hapa na pale ukishindwa kuimaliza.

Makosa hutokea kwenye kuhesabu. Kihesabio cha sarafu kwenye skrini hakianzi sifuri unapoingia hatua mpya. Kinaendelea kutoka ulipokuwa, na kikifika 100 kinakupa maisha na kurudi sifuri. Kabla ya kuingia 1-4, kariri namba iliyopo. Kama ni 20, utoke na 64 au zaidi. Kama ni 70, kihesabio kitapita 100, kwa hiyo utoke ukiwa umepata maisha moja na kihesabio kinasoma 14 au zaidi. Wengi wanaona 14, wanadhani wamekusanya chache, kumbe wametimiza.

Hatua ya 1-4 ni ngumu kwa sababu skrini inasogea yenyewe. Sarafu iliyopita upande wa kushoto haikusubiri, na kurudi nyuma hakuna. Ingia ukiwa na mkia wa jani, ili ukikosea kuruka uweze kushuka polepole na kuziokota za chini. Na ujue kwamba hatua ukishaimaliza huwezi kuirudia. Ukitoka na sarafu 43, nyumba nyeupe ya dunia ile imekupita kwa safari hiyo. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kulimaliza gemu hili mara kumi asiione kamwe.

Kwa kuwa rafiki yako ameanza kufichua siri, mwongezee hii. Katika dunia ya 1, 3, 5 na 6 yule mrusha nyundo anayezurura kwenye ramani anaweza kugeuka meli iliyojaa sarafu. Masharti ni matatu na yatimie kwa pamoja unapomaliza hatua. Kwanza, sarafu zako ziwe namba pacha: 11, 22, 33 na kuendelea. Pili, tarakimu ya makumi katika alama ifanane na tarakimu hiyo. Ukiwa na sarafu 22, alama zisomeke mathalani 48,620. Tatu, muda uliobaki uwe namba shufwa wakati unagusa kadi ya mwisho. Sharti la pili ndilo linalosumbua. Ukifika karibu na mwisho huku tarakimu hailingani, tafuta kitu cha kukupa alama kidogo, kwa mfano kuvunja tofali, mpaka ilingane. Halafu simama mbele ya kadi, tazama saa, ruka. Na mrusha nyundo lazima awe hai. Ukishampiga hakuna wa kugeuka meli.

Ile mashine ya matunda mwishoni mwa hatua kwenye Super Mario Bros. 2 inalipaje? Msomaji, Tanga.

Kwenye toleo la NES, cheri moja upande wa kushoto inalipa maisha 1, cheri mbili mfululizo kutoka kushoto maisha 2, cheri tatu maisha 5. Picha nyingine yoyote zikifanana tatu, maisha 1. Kwa hiyo cheri ya kwanza tu ndiyo ya kulengea macho. Ukiikosa, kilichobaki ni kuomba tatu zinazofanana. Idadi ya kucheza ni idadi ya sarafu ulizong'oa ukiwa upande wa giza, ndani ya ule mlango unaotokea ukirusha chupa. Usiirushe chupa mahali popote: ibebe kwanza mpaka penye majani mengi yaliyokaribiana, kwa sababu ni hayo yanayogeuka sarafu na muda wa humo ndani ni mfupi.

Kwenye Sonic ya kwanza ya Mega Drive, mashine ya Sega, ile pete kubwa ya kuingilia kwenye bonasi inanigomea. Nafika mwisho na pete nyingi tu lakini haipo. Shida nini? Msomaji, Mombasa.

"Pete nyingi tu" siyo kipimo. Unatakiwa uwe nazo 50 au zaidi unapofika kwenye bango la mwisho. Kwa 49 hutapata kitu. Tena ni sehemu ya kwanza na ya pili ya kila eneo peke yake. Sehemu ya tatu ina adui mkuu, Robotnik, haina pete kubwa. Na ukifika Scrap Brain milango imekwisha. Kwa hesabu hiyo una nafasi 10 za kutafuta zumaridi 6, vile vito vilivyofichwa ndani ya bonasi, kuanzia Green Hill hadi Star Light. Unaweza kupoteza nne, siyo zaidi.

Linalowaponza wengi ni kugongwa karibu na mwisho. Mchezaji ana pete 80, anagongwa na adui mmoja, pete zinatapakaa, anaamini akiziwahi atarudi kwenye 50. Hatarudi. Sonic akigongwa, pete zinazoruka nje hazizidi 32 hata kama alikuwa na 200. Nyingine zimepotea papo hapo. Ukiokota zote 32 bado unadaiwa 18. Kwa hiyo ukishavuka 50, badilisha mchezo: punguza mwendo, ruka kwa tahadhari, na kama una ngao ilinde kama yai. Pete kubwa inaning'inia mbele kidogo ya bango, irukie ndani kabla hujatoka nje ya skrini. Pale pale kwenye bango pana alama za siri hewani, 100, 1,000 au 10,000, zinazotokea ukiruka mahali pake.

Ndani ya bonasi, dunia nzima inazunguka na wewe unaangushwa huku na huku. Usipigane na mzunguko. Vitufe vya kushoto na kulia vinakusogeza, cha kuruka kinakutoa kwenye ukuta ulioegemea. Kizuizi chenye R kinageuza mwelekeo wa mzunguko, vya UP na DOWN vinabadilisha kasi. Vyenye neno GOAL ndivyo adui wako: kuvigusa ni kutolewa. Zumaridi imezungukwa na vito vinavyobadilika rangi kila ukivigusa mpaka vinatoweka, basi tulia hapo, vigonge sehemu moja mpaka upate upenyo. Kuhangaika kuzunguka zumaridi upande hadi upande ndiko kunakowatupa watu kwenye GOAL. Na ukiokota pete 50 humo ndani unapata nafasi ya kuendelea utakapoishiwa maisha.

Zumaridi zote sita hazimgeuzi Sonic kuwa wa dhahabu katika gemu hili. Hilo lilikuja na Sonic 2 ya mwaka 1992, yenye zumaridi saba. Hapa utapata mwisho mzuri, Green Hill ikichanua maua.

Sonic 2: naingia kwenye bomba la bonasi, nahesabu pete vizuri, halafu Tails, mwenzake Sonic, anagonga mabomu na kunipotezea. Nifanyeje? Msomaji, Bujumbura.

Mwache nyumbani. Kwenye ukurasa wa Options kabla ya kuanza, chagua Sonic peke yake. Tails anakufuata kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo bomu ulilolikwepa wewe linamkuta yeye, na kila bomu linachukua pete 10. Ukienda peke yako, idadi ya pete unayodaiwa pia ni ndogo. Njia za humo hazibadiliki kamwe: pete na mabomu vipo mahali palepale kila ukiingia bomba lilelile, basi kosa la leo likariri. Kumbuka pia kwamba ukitoka unarudishwa njiani ukiwa na pete sifuri. Usitoke ukikimbia kama uliyejaa.

Na ile ya mipira ya bluu kwenye Sonic 3? Kuna njia ya kuimaliza kabla kasi haijawa balaa? Msomaji huyohuyo.

Ipo. Kasi inapanda kadri muda unavyokwenda, kwa hiyo lengo ni kupunguza idadi ya mipira ya kugusa moja moja. Ukiukuta mraba wa mipira ya bluu, mathalani mitatu kwa mitatu, usiukatize katikati. Zunguka ukingo wake tu, mipira minane. Ukingo ukifunga duara, mraba mzima unageuka pete, na ule wa katikati umehesabika bila kuguswa. Kwa mraba mkubwa faida ni kubwa zaidi. Kosa la kawaida ni kukata kona mapema: unakanyaga mpira wa ukingoni ambao umeshakuwa mwekundu na unatolewa. Bonyeza upande wa kukata kona kabla ya kufika kwenye makutano, siyo ukiwa juu yake, kwani gemu linasubiri ufike kwenye makutano ndipo ligeuke.

Atakayenogewa na aina hii ajue kwamba kaseti ya Sonic & Knuckles ina tundu juu la kupachikia kaseti nyingine. Ukipachika Sonic ya kwanza, unapata gemu zima la mipira ya bluu lenye viwanja 134,217,728. Ukipachika kaseti nyingine nyingi za Mega Drive, unapata kiwanja kimoja tu.

Nina Kirby's Adventure. Zamani kwenye TV ya chogo nilikuwa namshinda kila mtu kwenye bonasi ya kufyatua bastola. Sasa nacheza kwenye flati kubwa, na wakati mwingine kwenye kompyuta kwa emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu), nashindwa mpaka na yule wa pili. Nimezeeka? Msomaji, Dar es Salaam.

Hujazeeka. Umeibiwa muda na runinga, na tunaweza kukuonyesha ni kiasi gani.

Gemu la NES linachora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inakaa milisekunde 16.7 hivi. Jicho likiona ishara mpaka kidole kikabonyeza, binadamu wa kawaida anatumia kama milisekunde 250, yaani fremu 15. TV ya chogo inaonyesha picha papo hapo. Flati inapokea picha, inaisafisha, inaikuza ienee kwenye skrini, inalainisha mwendo, ndipo inakuonyesha. Kazi hiyo ikichukua milisekunde 100, umeshapoteza fremu 6 kabla jicho halijaona lolote. Tuseme mpinzani anafyatua fremu ya 18 baada ya ishara. Kwenye chogo unafika ya 15, unashinda. Kwenye flati unafika ya 21, umekufa. Kidole ni kilekile.

Bonasi hii inaumia kuliko nyingine yoyote kwa sababu haina cha kukariri. Mario na kadi zake watakusubiri hata dakika tano. Mabomba ya Sonic unayakariri. Lakini hapa ishara inakuja ghafla na kila mpinzani anayefuata ana mkono mwepesi zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa Samurai Kirby kwenye Kirby Super Star ya mwaka 1996, yenye wapinzani watano.

Anza na runinga. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta hali iliyoandikwa Game, iwashe. Kisha zima vitu vinavyolainisha mwendo na kupunguza chenga, kwani runinga nyingine huviacha vikiwaka hata ndani ya hali hiyo. Kama runinga ina matundu kadhaa ya HDMI, angalia kama hali ya gemu imewashwa kwa tundu unalotumia. Mara nyingi mipangilio ni ya kila tundu peke yake. Hili pekee linaweza kukurudishia fremu nyingi.

Pedi inafuata. Isiyo na waya inaongeza kuchelewa kwake juu ya kule kwa runinga. Tumia ya waya. Kwenye simu pia inawezekana: kiunganishi kidogo cha OTG kinakuwezesha kuchomeka pedi ya USB.

Kwa emuleta kuna dawa ambayo hata mashine halisi haina. Emuleta ya RetroArch ina kipengele cha Run-Ahead, kwenye mipangilio chini ya Latency. Kinafanya gemu lijikokotolee fremu za mbele na kukuonyesha matokeo mapema, hivyo kinafuta ule uchelewaji uliomo ndani ya gemu lenyewe. Namba ya kuweka isikisiwe, ipimwe. Ingia kwenye gemu mahali Kirby amesimama ardhini. Bonyeza P kwenye kibodi kusimamisha. Shikilia kitufe cha kuruka bila kukiachia, halafu bonyeza K mara moja moja, kila mbonyezo ukisogeza fremu moja, na uhesabu. Fremu ambayo Kirby anaanza kuondoka ardhini, toa moja. Jibu ndilo la kuweka. Mara nyingi litakuwa 1 au 2. Ukizidisha utaona wahusika wanadunda, kama wanaruka vipande vya mwendo. Kompyuta dhaifu nayo itaanza kukwama, maana inafanya kazi ya gemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Hapo rudi kwenye 1 au uzime kabisa.

Jambo la mwisho linawahusu wale wenye kumbukumbu za mashine za kuiga Famicom (NES ya Japani) zilizouzwa kwetu, na za Mega Drive za toleo la Ulaya. Runinga zetu zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Gemu ambalo halikurekebishwa kwa PAL linakwenda polepole kwa asilimia 17 hivi. Sonic ya kwanza ya Ulaya ni mfano, hata muziki wake unaburuta. Ukihamia kwenye toleo la Marekani au Japani ndani ya emuleta, kila kitu kinakwenda haraka kuliko ulivyozoea, na hiyo siyo hitilafu. Ndiyo kasi yake halisi, nawe itabidi uizoee upya.

Ukishindwa kabisa kumudu bastola, Kirby huyohuyo ana bonasi ya winchi ya kuokota wanasesere: mdogo ana maisha 1, mkubwa maisha 2. Hiyo haiulizi kasi ya kidole, inauliza jicho la kukadiria.

Donkey Kong Country: hatua ya Oil Drum Alley hainipi alama ya mshangao. Nimepiga kila ukuta. Mwanangu analia anataka 101%, yaani kila siri ya gemu. Mama wa mchezaji, Arusha.

Mama, pole kwa kazi, na hongera kwa uvumilivu. Kwa faida ya wengine: katika gemu hili la mwaka 1994, jina la hatua kwenye ramani likiwa na alama ya mshangao, vyumba vyote vya bonasi vya hatua hiyo vimepatikana. Kwa Oil Drum Alley, tatizo la karibu kila mtu ni kwamba kuna chumba cha bonasi ndani ya chumba kingine cha bonasi. Kijana wako akiingia, akacheza na kutoka, hakijahesabiwa. Aambiwe apige kuta za ndani ya vyumba vya bonasi pia, na akipata pipa humo ndani asilitupe ovyo.

Kwa hatua nyingine, dalili ni zilezile. Ndizi moja iliyokaa peke yake ukingoni mwa shimo inakuambia urukie humo. Pipa lililowekwa jirani na ukuta limewekwa ili ligongwe kwenye ukuta huo. Tairi lisilo na kazi ya maana linaweza kusukumwa mpaka mahali penye kazi.

Akimaliza, mtafutie Donkey Kong Country 2. Kule bonasi zinalipa kwa sarafu maalumu, Kremkoin, ziko 75, na Klubba mlinzi anadai 15 kila ukitaka kufunguliwa hatua moja ya dunia iliyofichwa. Hatua ni tano. 15 mara tano ni 75, kwa hiyo hakuna bonasi ya kuacha. Kabla hajaanza kukusanya, jaribuni kuhifadhi, zimeni mashine, ikae usiku mzima, washeni asubuhi. Kaseti za asili zinatunza kumbukumbu kwa betri ya CR2032 ya volti 3, na nyingi zimeshachoka. Ikiwa kumbukumbu imepotea, fundi afungue kaseti kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, atoe betri, aweke mpya yenye vichwa vya kuchomelea akizingatia chanya na hasi. Asichomelee moja kwa moja juu ya betri, joto linaiharibu na inaweza kupasuka. Kilichohifadhiwa kitafutika betri ikitoka, ndiyo maana tunasema kabla, siyo baada ya sarafu 60.

Nawezaje kufanya mazoezi ya bonasi za Yoshi's Island bila kurudia hatua nzima kila mara? Msomaji, Muscat.

Kwa njia halali, maua ndiyo ufunguo: kila ua unaloliokota, kati ya matano ya hatua, linaongeza uwezekano wa ile pete ya mwisho kusimama kwenye ua na kukupeleka kwenye bonasi. Maua yana faida ya pili. Alama 100 za hatua zinapatikana kwa nyota 30, sarafu nyekundu 20, na maua matano yenye alama 10 kila moja. Ukipata 100 kwenye hatua zote nane za dunia, bonasi ya dunia hiyo inafunguka kwenye ramani.

Kwa mazoezi, tumia njia ya mkato iliyomo ndani ya toleo la SNES, mashine ya Nintendo iliyofuata NES. Ukiwa kwenye skrini ya kuchagua hatua, shikilia Select bila kuachia, kisha bonyeza X, X, Y, B, A. Itatokea orodha ya vimchezo. Wengi wanafeli kwa sababu wanaachia Select baada ya X ya kwanza. Ukifanikiwa, anza na kadi za kufunua, ile yenye mchawi Kamek aliyejificha. Ukimfunua, ulichokusanya chote kinakwenda, lakini unaruhusiwa kuacha wakati wowote. Jizoeze kuacha ukiwa na vitu viwili au vitatu mkononi, mpaka kidole kizoee kwenda kwenye kitufe cha kutoka.